Ukiuona Ufa wa Nyumba ya Jirani



Wapendwa vijana, leo naanza kwa kukiri kosa langu, maana frateri naye ni mtu. Nilipokuwa nasoma falsafa, chuoni kwetu tulikuwa tunaangalia ada kwenye mfumo uliotengenezwa na kampuni moja ya programu. Jioni moja nikaona kwamba anwani ya ukurasa wangu inaishia na namba. Nikabadilisha tarakimu ya mwisho, utundu tu. Ukafunguka ukurasa wa mwanafunzi mwingine: jina, simu, deni lake la ada.

Ningeishia hapo, nisingekuwa na mengi ya kukiri. Lakini nilijaribu namba ya pili, ya tatu, mpaka ya kumi. Halafu nikamwita mwenzangu wa chumba: "Njoo uone!" Nilitaka anione mjanja. Yeye akapiga picha ya skrini, na kabla ya Misa ya asubuhi deni la dada mmoja wa mwaka wa kwanza lilikuwa linachekwa kwenye kundi la WhatsApp. Siku tatu hakuonekana darasani. Nilipokwenda kumwomba msamaha aliniuliza jambo moja tu: "Frateri, ulipoona, kwa nini hukuwaambia wenye mfumo kwanza?"

Sikuwa na jibu. Kampuni niliiandikia siku ile ile, wakaurekebisha mfumo, lakini aibu ya yule dada hakuna aliyeweza kuirekebisha.

Tangu hapo nikisoma habari ya Nuhu (Mwa 9:20-27) najiona mle ndani. Hamu aliuona uchi wa baba yake, akatoka nje kuwasimulia ndugu zake. Shemu na Yafethi walichukua nguo, wakaenda kinyumenyume wasije wakaona, wakamfunika. Wote watatu walijua. Tofauti yao ilikuwa ni nini kila mmoja alifanya na kile alichokijua.

Sasa, msinielewe vibaya. Kufunika si kunyamaza. Mlinzi wa Ezekieli (Eze 33:1-6) akiona upanga unakuja asipige tarumbeta, damu ya watu inadaiwa mikononi mwake. Kuna dhambi ya kupayuka, na kuna dhambi ya kukaa kimya. Njia ya kati Bwana ametuonyesha katika Mt 18:15-17: kwanza mwendee ndugu yako, wewe na yeye tu. Asiposikia, chukua mmoja au wawili. Akikataa bado, liambie kanisa. Yesu anazungumzia ndugu aliyekosa, si programu. Lakini hatua ni zile zile, maana nyuma ya kila mfumo kuna watu.

Mwaka 2008 Mmarekani mmoja, Dan Kaminsky, aligundua udhaifu katika DNS, ule mfumo unaogeuza majina ya tovuti kuwa namba ili kompyuta zipate njia. Mwizi angeweza kupandikiza jibu la uongo: wewe unaandika jina la benki yako, unafikishwa kwenye ukurasa wake yeye. Hatari hiyo iligusa karibu intaneti nzima. Kaminsky angeweza kuuza siri hiyo, au kuitangaza apate sifa siku hiyo hiyo. Badala yake aliwaendea kimya kimya wataalamu na makampuni husika, wakiwamo Microsoft na Cisco. Walifanya kazi pamoja kwa miezi, na tarehe 8 Julai 2008 wakatoa marekebisho kwa pamoja. Aliomba mwezi mmoja zaidi kabla ya kueleza undani wake, ili watu wapate muda wa kusasisha mitambo. Undani ulivuja baada ya wiki mbili hivi, lakini dawa ilikuwa imeshatoka.

Je, kampuni ikikupuuza? Hapo ndipo hatua ya pili na ya tatu zinapoingia. Kwetu Tanzania ipo TZ-CERT, inayoshughulikia matukio ya usalama wa mtandao. Timu ya Project Zero ya Google kwa kawaida huipa kampuni siku 90 kurekebisha, kisha hueleza wazi. Subira ina mwisho, kwa sababu wanaotumia programu nao wana haki ya kulindwa. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba kumwonya mwenzako ni tendo la upendo, na kwa kawaida onyo la siri hutangulia. Lakini dhambi ya siri ikiwa inahatarisha wengine, kama mtu anayepanga kuusaliti mji, unapaswa kuitoa mapema, isipokuwa una hakika kwamba onyo la faragha litaizuia. Yaani kipimo si hasira yako, ni usalama wa jirani.

Basi kijana mwenzangu unayependa kompyuta, ukiona ufa, simama hapo hapo. Usichungulie vyumba vingine "kuhakikisha". Kuingia bila ruhusa ni kosa pia kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Waandikie wenye mfumo kwa adabu: nini umeona, wapi, lini. Usidai fedha kwa kutisha. Kampuni ikiwa yenyewe imetangaza zawadi, pokea bila wasiwasi, ni jasho lako. Na wewe unayetengeneza programu, ukiletewa habari mbaya usimgeuze mleta habari kuwa mwizi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Swali la yule dada ninalo hadi leo kwenye utafiti wa dhamiri kila jioni. Nakuachia na wewe kwa wiki hii: kasoro uliyoiona kwa mwenzako, umemwambia nani kwanza?

Mtakatifu Yosefu, mwenye haki ambaye hakutaka kumwaibisha Maria hadharani, utuombee.