Kimya cha Nyamata

Asubuhi, mgeni anayetoka Kigali kuelekea kusini hufika Nyamata jua likianza kukolea. Kanisa la huko, ambalo sasa ni kumbukumbu, halina waumini tena. Juu ya mabenchi zimelundikwa nguo za watu waliokimbilia humo Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Watutsi nchini Rwanda, wakiamini nyumba ya Mungu haitavunjwa. Paa la bati lingali na matundu.

Kamera hubaki mfukoni, maana ndani hairuhusiwi kupiga picha. Na kujipiga picha kwa tabasamu pale nje? Hilo halihitaji kibao cha kulikataza.

Kwenye kumbukumbu ya mauaji hayo ya Gisozi, jijini Kigali, wamezikwa zaidi ya watu 250,000. Huko mgeni huwakuta jamaa wa marehemu wameleta maua. Huwapisha, wala hamwulizi mtu kabila lake. Mwongozaji akikatisha maelezo na kunyamaza, mgeni naye husubiri.