Je, Tumwulize Mzazi?

Tulipowapeleka wazazi wetu kuitazama Fort Jesus, Mombasa, tulidhani sisi ndio wenye kuwaonyesha mambo. Tuliwasomea habari za Wareno walioijenga tangu 1593 hadi 1596. Mama alichoka mapema, akataka dafu. Lakini tulipofika habari ya kwamba Waingereza waliifanya ngome hiyo gereza tangu 1895 hadi 1958, baba alisimama. "Baba yangu alifungwa humu," akasema, akanyamaza. Hatukuwa tumelisikia jambo hilo hata siku moja.

Baadaye, katika hoteli ndogo ya Mji wa Kale, tukila mahamri na mbaazi, mmoja wetu alitaka kumwuliza ni kwa kosa gani. Mwingine akamkanya: mzee huachwa na siri yake. Sisi twaona ya kuwa kunyamaza kwetu mara nyingi si heshima bali ni woga. Makumbusho yatunza mizinga na vyungu. Habari za babu anazo baba peke yake. Hata hivyo mtoto hana haki ya kumliza mzazi mbele ya watu. Basi tulimwuliza mara moja tu, kwa upole. Akajibu, "Kwanza nimalize chai."