Kutunga na kusema uongo

Kila mara watu wakubwa wanapoanza kujifunza kutunga hadithi, ulizo moja linarudi: kutunga si kusema uongo? Mutoto wa shule hajiulizi hivi. Ukimwambia aandike juu ya sungura, anaandika, anapata pointi zake, anaenda kucheza. Lakini mutu wa miaka makumi tano, aliyezika wazazi na kuoza watoto, akikaa saa ya magaribi kwenye banki ya shule na biki mukononi, anasita. Mimi muzima namna hii, niandike mambo ambayo hayakutokea? Na nikiandika yale yaliyotokea, nani alinipa ruhusa ya kuyatoa inje?

Kuna wanaosema kama mambo haya ni ya Wazungu, na kwetu musimulizi anazaliwa, hafundishwi. Mimi sikubali. Mwaka 1956, muzee Shé-Kárisi Rureke, Munyanga, alisimulia habari za Mwindo siku 12 mbele ya Daniel Biebuyck. Kitabu kilitoka 1969, Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene. Muzee huyu hakuzaliwa na Mwindo mudomoni. Kwa Wanyanga, mwenye kutaka kazi ile alimufuata mwalimu wake, akapiga vijiti, akaitikia nyimbo, mupaka akaweza kusimama yeye mwenyewe. Ile ni shule kabisa, ubao tu ndio ulikosa.

Hata kuandika, wakubwa waliandika bila kungoja ruhusa ya mwalimu. Mwaka 1965, hapa Lubumbashi, André Yav alipanga habari za muji tangu mwanzo wa wakoloni, namna walivyoziona wale waliotumika boyi kwa Wazungu, katika Kiswahili chetu cha kila siku. Johannes Fabian na Kalundi Mango walipoitoa kitabu mwaka 1990, walikuwa wameisoma kwanza kwa sauti ili waielewe vizuri, maana maneno yalikatwa na kushikamana mahali ambapo jicho halitazamii. Sisi walimu tulizoea kuanza na biki nyekundu. Mbele ya mutu mukubwa, afazali tuanze na sikio: asome, tusikilize, koma na nukta zitakuja nyuma.

Lakini turudi kwenye ruhusa, kwani pale ndipo kuna uzito. Katika masomo moja ya magaribi, kwenye sali ya parokia, walikaa wamama wa soko, fundi wa baiskeli, na muzee mustaafu wa reli. Mwalimu aliwaambia: andikeni jambo ambalo munalijua kuliko wengine. Mama mumoja mujane aliandika namna mashemeki zake walivyokuja siku ya tatu baada ya maziko, wakabeba masini yake ya kushona, sufuria, mupaka mabati mawili yaliyobaki inje. Aliandika na majina. Aliposoma, sali ikanyamaza. Siku mbili nyuma, jamaa ya bwana ilikwisha kusikia, na wazee wakamwita: juu ya nini unavua jamaa nguo mbele ya watu?

Tusiwacheke wazee wale. Neno likitoka mudomoni linaweza kukanwa, lakini neno kwenye kaye linabaki, na watoto wa mashemeki watalisoma kesho, hawa ambao hawakubeba kitu. Ni kweli, Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987 inamulinda mujane. Lakini yule mama hakuenda tribinali, alienda kwenye masomo ya kutunga. Alitafuta mahali pa kuweka uchungu, na pengine alitaka pia wasikie. Mambo mawili haya, yeye mwenyewe hakuyatenganisha.

Mwenzake mumoja alimupa shauri la kizamani: "Mama, weka ile yote kwa fisi. Wazee walifanya vile." Akajibu: "Fisi haikukamata masini yangu. Ni watu."

Jibu hili lilinisumbua siku nyingi, kwani wote wawili wana haki. Kweli, babu zetu walipitisha mashitaka mengi katika hadithi za nyama, na kila mutu aliyekaa pale kwenye moto alijua fisi ni nani. Ndipo nguvu yake ilikuwa: mukosaji alijijua, lakini hakuna aliyemuonyesha kidole, hivi aliweza kulala, na asubui akajirekebisha bila haya. Lakini leo tukiandika fisi kwa watu wa muji ambao hawajuani, mukosaji naye anacheka pamoja na wengine, anapiga mikono, anarudi kwake kushona na masini ya mwingine. Pale kuficha si heshima tena, ni woga.

Neno letu lenyewe linatusaidia. Tunatunga hadithi, tunatunga pia shanga kwenye uzi. Mwenye kutunga shanga hazizui, anazipata tayari. Kazi yake ni kuchagua ipi itangulie na ipi ibaki kando. Basi kwa mawazo yangu, mutu mukubwa anayejifunza kutunga aandike kwanza kweli yote, na majina, kwa kaye yake, na aifunge. Kisha atunge ile ya kutoka inje. Majina yanaweza kubaki nyumbani. Tendo, hapana: ukilitoa, umebakiza uongo tu, na pale wale wanaotushitaki watakuwa na haki.

Mama yule alirudi na karatasi nyingine. Safari hii masini ndiyo ilisema. Ilisimulia namna inavyokaa katika nyumba ya watu wengine, inapewa mafuta vizuri, lakini hakuna mwenye kujua kama uzi wake unakatika kila mara kwenye nguo nzito, na ni namna gani ya kuushika. Hakuna jina hata moja. Shemeki mudogo alikuja kusikiliza, akasimama karibu na mulango mupaka mwisho, akatoka bila kuaga. Masini haijarudi. Lakini alituma mutoto kuuliza ile mambo ya uzi.