Je, Kura ya Jirani Ni Kipimo cha Moyo Wake?



Mwaka 1995 nchi yetu ya Tanzania ilifanya uchaguzi mkuu wa kwanza tangu mfumo wa vyama vingi urudishwe mwaka 1992. Wakati huo tulikuwa tukifundisha katika chuo kimoja cha ualimu. Nyumba iliyotazamana na yetu alikaa mwenzetu, mwalimu wa hisabati. Watoto wake walikula kwetu na wetu walikula kwake. Tulipokosa chumvi tuliomba kwake, naye alipoishiwa mafuta ya taa hakuona haya kumtuma mtoto na chupa.

Uchaguzi ulipokaribia, mwenzetu huyo alisema waziwazi kwamba kura yake angekipa chama ambacho sisi hatukukipenda hata kidogo. Hatukugombana naye. Tuliacha tu kupita kwake, na chumvi tukaanza kununua dukani. Mwaka uliofuata mama yake alifariki. Tulimpa mtoto bahasha ya rambirambi aipeleke. Wenyewe tukasema tumebanwa na kusahihisha mitihani. Baada ya matanga alikuja barazani kwetu, akashukuru kwa ile bahasha, kisha akasema, "Mwalimu, mama yangu hakuwa na chama." Akaaga, akaenda zake. Baadaye alihamishiwa mkoa mwingine, akafariki kabla hatujapata moyo wa kumwandikia.

Tunaieleza habari hii kwa kuwa inatuletea swali ambalo hatuna budi kulijibu: je, ni haki kumpima mwananchi mwenzetu kwa kura yake? Wako wanaojibu kwamba ni haki kabisa. Husema, mti hujulikana kwa matunda yake, na kura ni tunda. Anayekipigia kura chama fulani ameyakubali yote yanayotendwa na chama hicho. Hoja hii si ya kupuuzwa. Kura ni tendo, tena ni tendo linalowagusa wengine. Asiyejali analolitenda katika kituturi hawezi kusema kwamba halimhusu mtu mwingine.

Lakini na tutazame kura yenyewe ni kitu gani. Ni alama moja tu juu ya karatasi. Katika alama hiyo mpiga kura amebana mambo mengi: bei ya mazao, zahanati isiyo na dawa, hofu ya vita, wema aliotendewa na mgombea, maneno aliyoyasikia kwa mzazi wake. Sisi tunaiona alama, sababu hatuzioni. Watu 2 waweza kutia alama mahali pamoja kwa sababu zinazopingana, na wengine 2 wakatia mahali mbalimbali kwa sababu moja, yaani kuwatakia watoto wao maisha mema.

Mfano mzuri tunao katika historia yetu wenyewe. Mwaka 1991 Tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali iliwauliza wananchi kama wanataka chama kimoja kiendelee au viwepo vyama vingi. Katika kila watu 10, karibu 8 walitaka chama kimoja. Je, hao 8 walikuwa maadui wa uhuru? Wengi waliogopa ukabila na fujo walizosikia zimetokea kwa majirani. Na wale 2 waliosalia, je, walikuwa wasaliti wa taifa? Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa amesema mwaka 1990 kwamba jambo hilo lafaa kujadiliwa wazi. Tume iliwasikiliza wote, kisha ikapendekeza vyama vingi, ingawa waliovitaka walikuwa wachache. Ilipima sababu za watu, haikuhesabu majibu tu. Sisi majirani mara nyingi twahesabu jibu tu, wala hatuulizi sababu.

Tuwatazame pia ndugu zetu wa Zanzibar. Katika miaka ya 1990, hasa baada ya ule uchaguzi wa 1995, zilikuwako sehemu za Unguja na Pemba ambako watu wa vyama mbalimbali walisusiana: hawakununua katika duka la mwenzao, hawakuhudhuria harusi, hata kuzikana waliacha. Januari 2001 damu ilimwagika. Ndipo Novemba 2009 Rais Amani Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walipokutana, na tarehe 31 Julai 2010 wananchi wakapiga kura ya maoni. Karibu theluthi 2 wakakubali serikali ya umoja wa kitaifa. Tunajua kwamba matatizo hayakwisha, maana uchaguzi wa 2015 ulifutwa na kurudiwa Machi 2016. Lakini funzo limebaki. Viongozi waliweza kukaa meza moja, ilhali kijijini alikuwako mtu aliyekwisha kumzika ndugu yake bila jirani kumsaidia kushika jeneza. Siku ile hairudi.

Hapa mtu ataulizia jambo zito zaidi. Je, aliyeumizwa naye aambiwe asihukumu? Uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 uliandamana na ghasia na vifo. Aliyefiwa hatuwezi kumwambia kwamba yote ni maoni tu. La hasha! Haki lazima itafutwe, na aliyeua au aliyeamuru watu wauawe anapaswa kujibu. Lakini huyo ana tendo lake linalojulikana. Jirani aliyesimama katika mstari wa kupiga kura, au yule aliyebaki nyumbani siku ile, hakutenda tendo hilo. Tukimtwika mzigo wa mwingine, haki haitapatikana. Tutakuwa tumeongeza dhuluma ya pili juu ya ile ya kwanza.

Basi kipimo chetu kiwe hiki: tuhukumu tendo tulilolishuhudia, si moyo tusiouona. Anayegawa fedha na kanga ili anunue kura, huyo tumkemee. Anayeuza kadi yake, tumwonye. Anayetukana kabila au dini ya mwenzake jukwaani, tusimpigie makofi hata kama ni wa chama chetu. Tena hapo ndipo penye mtihani, maana makosa ya upande wa pili twayaona upesi, na ya upande wetu twayaita mbinu. Hoja mbaya tuipinge kwa nguvu zote. Kuipinga hoja ya mtu si kumkataa mtu.

Tukumbuke pia kwa nini kura ni siri. Wengi hudhani kwamba siri hiyo ni kinga dhidi ya wakubwa peke yao. Lakini inamkinga mpiga kura dhidi yetu pia: dhidi ya mume, baba mkwe, mwajiri, mwalimu, hata mchungaji. Sheria imekubali kwamba pana mahali ambapo mtu yuko peke yake na dhamiri yake mbele za Mungu. Tukimlazimisha jirani ajieleze, kisha tukamsusia kwa jibu lake, tumekibomoa kituturi chake kwa mikono yetu.

Bwana wetu alipowachagua wale Kumi na Wawili, alimweka Mathayo, aliyewahi kuwatoza watu ushuru chini ya utawala wa Warumi, pamoja na Simoni aliyeitwa Zelote. Hatudhani kwamba watu hao 2 walikuwa na fikra moja juu ya serikali. Hata hivyo walikula pamoja.

Nasi katika parokia yetu twapiga magoti pamoja kwenye reli moja ya altare. Kama yuko mtu ambaye umeacha kupita kwake kwa ajili ya uchaguzi, usingoje uchaguzi mwingine. Nenda ukamwulize, "Ndugu yangu, ni nini kilichokusukuma?" Umsikilize mpaka amalize. Huenda msikubaliane hata baada ya hapo, nayo si kitu. Siku ya kura huja mara moja kwa miaka 5, lakini siku ya msiba haina tarehe. Ikifika, usitume bahasha. Nenda mwenyewe.