Nguzo Zilizobaki Njiani

Kule Missouri, Marekani, kipande kirefu cha reli ya Katy kiliacha kupitisha treni mwaka 1986, na leo tuta lake ni njia ya baiskeli ya zaidi ya kilomita 380. Wengi hupiga picha mto ulio kando yake. Mimi ningetafuta nguzo za simu za reli: hii imelalia vichaka, ile imebaki kisiki, nyingine bado ina vikombe vya kioo vilivyoshika waya. Ndio waya uliompasha habari mkuu wa stesheni kwamba treni inakuja! Nenda majira ya baridi, majani yakishapukutika, tena mapema, maana kioo kile kikipigwa na jua la asubuhi hung'aa samawati.