Kinywa na Nia

Kabla ya Mkataba wa Lisbon kuanza kutumika, tarehe 1 Desemba 2009, Umoja wa Ulaya haukuwa umetajwa popote kuwa mtu mbele ya sheria. Kifungu cha 47 kiliupa hadhi hiyo kwa sentensi moja tu. Ukapata pia Rais wa kudumu wa Baraza la Ulaya, Mwakilishi Mkuu wa mambo ya nje na wanadiplomasia wake wenyewe. Mei 2011 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likauruhusu kuhutubia, ingawa bila kura. Je, karatasi inaweza kuzaa mtu?

Kinywa, ndiyo. Nia ni jambo jingine. Miezi miwili tu kabla ya ruhusa hiyo, Baraza la Usalama lilipigia kura azimio la 1973 kuhusu Libya. Ufaransa na Uingereza ziliunga mkono; Ujerumani haikuegemea upande wowote. Catherine Ashton, Mwakilishi Mkuu wa kwanza chini ya Lisbon, alikuwa na cheo na ofisi. Alichokosa ni la kusema, maana katika mambo ya nje mkataba ulibakiza kanuni ya kauli moja: akigoma mmoja, wamekwama wote.

Sasa tazama biashara. Huko mamlaka yalikabidhiwa zamani, kwa Mkataba wa Roma wa 1957. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipojadiliana na Ulaya kuhusu mkataba wa ubia wa kiuchumi, ilikuta sauti moja. Waliogawanyika ni sisi: Kenya na Rwanda zilitia saini 2016, Tanzania ikakataa, na mwishowe Kenya ikaenda peke yake kwa mkataba ulioanza kutumika Julai 2024.

Ndiyo maana sikubali kwamba kurekebisha mkataba huongeza nguvu. Huzihamisha tu. Kila mamlaka yaliyoko Brussels yametoka mkononi mwa waziri fulani wa Paris au Warsaw, na asipoyaachia, cheo kipya hakina kitu ndani. Wapo wanaosema kura ya turufu ndiyo kinga ya nchi ndogo kama Malta. Hoja hiyo ina uzito. Ila mwenye kuishikilia asilalamike kwamba Ulaya haisikiki.

Njia ya kujinasua imo ndani ya mkataba wenyewe. Kifungu cha 31 kinawaruhusu viongozi kuhamia kura ya wingi katika mambo ya nje, ukiondoa ya kijeshi, bila kuandika mkataba mpya. Sharti ni wakubaliane wote kwanza.