Mafuta, Divai na Nauli

Fungua Luka 10:34-35. Msamaria alimpaka yule majeruhi mafuta na divai. Hiyo ni dawa. Kisha akamuuguza mwenyewe hadi kesho yake, akalipa dinari mbili na kuahidi kulipa kitakachozidi. (Sisi tuliosomea biashara, deni lisilo na kiasi hututoa jasho!)

Hospitali ya Mathari hutoa methadoni tangu 2014 kwa waliotekwa na unga. Kijana huinywa kila siku mbele ya mhudumu, inatuliza arosto. Usimwambie aiache ndio tujue ameokoka. Akiiacha ghafla arudie unga, kipimo chake cha zamani chaweza kumuua.

Lakini dawa haimuulizi amelalaje. Na toka Gatongora ni matatu kila asubuhi, peke yake. Anayeweza kupanda naye Jumatatu, anione baada ya ibada.